Magunia 280 yaliyokwama Namanga: uchambuzi wa kisa cha zuio la mahindi, Machi 2021

Kisa hiki huwa nakisimulia ninapokaa na vikundi vya akina mama wanaofanya biashara ya nafaka ya kuvuka mpaka. Mwenye kisa ameniruhusu kukiandika. Jina lake, la mwenzake, la mnunuzi na la wakala nimeyaacha, na vitu vichache vidogo nimevibadilisha ili asitambulike. Tarehe na maagizo ya serikali ni yale yaliyotangazwa hadharani. Mwenye kisa nitamwita Mama J. Ni mfanyabiashara wa Tanzania aliyekutwa njiani na lori lake wiki ile Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie kwake, kwa hofu ya sumukuvu, sumu inayotokana na fangasi.

Kila nikimaliza kukisimulia, huwa kuna mtu anayeuliza: kwani Kenya ilikosea kuwalinda watu wake? Serikali si kazi yake ndiyo hiyo? Mwaka 2021 nilikuwa na jibu la haraka, na lilikuwa jibu la hasira. Leo silitoi tena.

Usuli

Mama J hununua mahindi Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kwenye soko kubwa la nafaka lililo kando ya barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Ukifika pale msimu ukiwa umechanganya, unakuta malori yamejipanga, vijana wa kupakia wamejifunga kanga kichwani, vumbi la mahindi limetanda hewani, na madalali wanachovya mikono kwenye magunia, wanatia punje mdomoni na kuing'ata wasikie kama ni kavu. Mama J hang'ati. Yeye hutembea na chupa ya kioo na chumvi iliyokaushwa. Hutia mahindi kama theluthi ya chupa, huongeza chumvi kidogo, hutikisa dakika moja au mbili, kisha huangalia. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu mwingi, haya hayapakiwi. Ikishuka yote chini, biashara inaendelea. Alifundishwa na bwana shamba, na hajawahi kuiacha.

Mnunuzi wake wa miaka mingi ni mzee mmoja mwenye kinu cha kusaga unga katika mji mdogo upande wa Kenya. Hawakuwa na mkataba wa maandishi. Walikuwa na simu na kuaminiana.

Sasa kuhusu sumu yenyewe, maana bila kuielewa kisa hiki kinageuka kuwa malalamiko tu. Sumukuvu hutokana na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga, shambani na ghalani, hasa penye joto na unyevu. Huwezi kuiona. Huwezi kuionja. Kupika ugali hakuiondoi. Ikiwa nyingi huua ini kwa siku chache, na ikiwa kidogo kidogo kwa miaka huchangia saratani ya ini. Mwaka 2004 Kenya ilipata pigo ambalo wataalamu wa afya duniani bado wanalitaja: watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Upande wetu nako, mwaka 2016, familia za Dodoma na Manyara zilizika watu wapatao 20 kwa sumu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu asije akasema sumukuvu ni kisingizio kilichotungwa ofisini.

Kiwango kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika bilioni, na ni kiwango kimoja kwa nchi zote za Jumuiya. Kikisemwa hivyo hakieleweki, kwa hiyo huwa nakifanyia hesabu ubaoni. Lori lenye tani 28 za mahindi, magunia 280 ya kilo mia, linaruhusiwa kuwa na miligramu 280 za sumukuvu kwa jumla. Huo ni uzito unaokaribia punje moja ya mahindi. Punje moja, ndani ya lori zima! Ikizidi hapo, shehena haifai. Na sumu yenyewe haijisambazi sawasawa: magunia 10 yanaweza kuwa safi, na la 11 likawa na kiganja cha punje zilizooza kinachoharibu hesabu yote. Ndiyo maana sampuli haichukuliwi kwenye gunia moja. Mpimaji hutembea na bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje ndani ya gunia bila kulifungua, anachoma gunia hili na lile, juu, katikati na chini, anachanganya, kisha ndipo anapima.

Mpaka wenyewe nao ulikuwa na historia. Juni 2017 serikali yetu ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi, kwa hoja kwamba Watanzania washibe kwanza. Mwaka huo huo vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto Namanga kwa hofu ya ugonjwa. Mei 2020 madereva wa malori walikwama pande zote mbili kwa sababu ya vipimo vya korona, mpaka mawaziri wakakutana pale pale mpakani. Kituo cha pamoja cha forodha cha Namanga, kilichozinduliwa na marais wa nchi mbili Desemba 2018, kilikuwa kimejengwa ili mambo kama hayo yapungue.

Yaliyotokea

Mwishoni mwa Februari 2021 Mama J na mwenzake walikusanya magunia 280. Ya Mama J yalikuwa 220, ya mwenzake 60. Sehemu ya fedha ya Mama J ilitoka kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Chumvi ilishuka chini kwenye magunia yote aliyoyapima. Vijana walishona midomo ya magunia kwa uzi wa buluu, ule ambao kikosi chao kimezoea kuutumia. Magunia ya mwenzake yalichelewa kufika sokoni, kwa hiyo yalipakiwa mwisho, juu kabisa, chini ya turubai.

Lori liliondoka Alhamisi tarehe 4 Machi. Ijumaa tarehe 5, lori likiwa njiani, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliiandikia forodha ya nchi hiyo barua: vipimo vimeonyesha mahindi ya Tanzania na Uganda yana sumu za ukungu kupita kiwango salama, kwa hiyo yasiingie. Jumamosi asubuhi lori lilifika Namanga likakuta foleni ndefu ya malori ya mahindi, na wakala wa forodha akiwa na picha ya barua hiyo kwenye simu yake.

"Mama, hapa hakuna kitu," wakala alimwambia. "Hata sisi tumeiona jana."

Mama J alimpigia mzee wa kinu. Yeye alikuwa hajasikia lolote. "Sasa nitafanyaje, Mama J? Watu wangu wanangoja unga. Wewe kaa hapo, nami niulize huku."

Akakaa. Jumapili usiku ilinyesha mvua kubwa, na turubai lilikuwa limechanika upande wa nyuma. Asubuhi ya Jumatatu alimwomba utingo amshushie magunia kadhaa. Alipofungua moja akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, mahindi ya katikati yalikuwa na joto. Aliniambia alihisi kama ameingiza mkono kwenye chungu kilichoepuliwa muda si mrefu. Akatoa chupa yake, akatikisa. Chumvi ikaganda.

Alipekua magunia yake yote siku nzima, akatenga 24 yaliyoingia maji. Ya mwenzake hakuyagusa kwa kuwa si mali yake, na mwenyewe alikuwa njiani anakuja.

Mwenzake alifika Jumanne. Jioni ile ile akaja dalali wa pale mpakani na pendekezo linalojulikana: lori lilikuwa bado halijaingia eneo la forodha, vijana wa bodaboda wapo, magunia mawili kila safari, njia za panya zipo, alfajiri mzigo utakuwa sokoni upande wa pili. Mama J alikataa. Mwenzake alikubali. Magunia 60 yakavuka usiku huo.

Jumatano tarehe 10 serikali ya Kenya ililegeza: mahindi yataruhusiwa, ila mwagizaji awe amesajiliwa, kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi kiwango cha 10, na kiwepo cheti cha uasilia kinachotaja mahindi yametoka eneo gani. Alhamisi sampuli ya Mama J ilichukuliwa kwa bambo na kupelekwa maabara. Majibu yalirudi Jumatano iliyofuata, tarehe 17: sehemu 4 katika bilioni. Safi kabisa. Usiku wa siku hiyo hiyo Watanzania tukatangaziwa kifo cha Rais Magufuli, na mpaka mzima, anasema Mama J, ukawa kimya. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumzia mahindi.

Alipompigia tena mzee wa kinu, jibu lilimvunja moyo. Mzee hakuwa kwenye orodha ya waagizaji waliosajiliwa, hakujua aanzie wapi, na tena tangu Alhamisi iliyopita alikuwa ameshanunua mahindi ya kumtosha kwa mfanyabiashara wa hapo hapo mjini kwake. Mtaji wake ulikuwa umekwisha. Ijumaa tarehe 19, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipoapishwa, lori liligeuza kurudi Arusha.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Mamlaka ya Kenya iliamua kufunga mara moja. Nimejaribu kujiweka kwenye kiti cha yule aliyesaini. Una vipimo mezani vinavyosema sumu imezidi. Unakumbuka 2004. Ukisubiri kikao cha wataalamu wa nchi tatu na kesho yake mtoto akafa Makueni, utamweleza nini mama yake? Uamuzi wa kusimamisha kwa siku chache ulikuwa na msingi. Ila barua haikusema lolote kuhusu malori yaliyokuwa barabarani tayari, wala itaisha lini, wala shehena iliyo safi itajionyeshaje kuwa safi.

Mama J aliamua kusubiri. Kurudi kulikuwa na nauli, na kila mtu pale alimwambia jambo hili litaisha keshokutwa. Alikataa njia ya panya kwa sababu mbili alizonitajia: mali ikikamatwa anapoteza yote na mkopo wa kikundi unabaki shingoni mwake, na pili, mzee wa kinu angejua. Mwenzake aliamua kuvusha. Ana watoto watatu shuleni na mtaji wake wote ulikuwa kwenye yale magunia 60. Huwa nawakataza wanavikundi wasimhukumu kabla hawajajiuliza wao wangefanyaje.

Mzee wa kinu aliamua kununua kwingine. Kinu kisichosaga kinamla mwenyewe.

Matokeo

Magunia 196 ya Mama J, yaliyopimwa na kuthibitishwa kuwa safi, yaliuzwa Arusha kwa shilingi 3,000 chini ya bei aliyonunulia. Hiyo ni 588,000. Yale 24 aliyateketeza, mbele ya mwenyekiti wa kikundi, ili asije mtu akayaokota kulishia kuku: 1,056,000. Kulaza lori siku 13 kwa shilingi 150,000 kwa siku: 1,950,000. Jumla 3,594,000, nauli haimo. Alilipa mkopo kwa miezi 14 badala ya minne.

Miezi kadhaa baadaye alikwenda kumsalimu mzee wa kinu. Mzee akamtembeza ghalani, akamwonyesha magunia matupu yaliyokunjwa pembeni, ya mahindi aliyonunua wiki ile. Mama J aliinama akaokota moja. Mdomo wake ulikuwa na uzi wa buluu.

Yalikuwa ya mwenzake. Yale 60 ya juu, yaliyonyeshewa chini ya turubai lililochanika, ambayo hayakufunguliwa, hayakupimwa, hayakupitia kwa mtu yeyote. Yalisagwa yakawa unga, na watu wa mji ule wakaula. Hakuna aliyesikika kuugua, lakini sumukuvu kidogo haina tabia ya kujitangaza siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo zuio lililowekwa ili mlaji wa Kenya asile mahindi mabaya lilirudisha Arusha mahindi mazuri yenye cheti, na kumfikishia mlaji huyo huyo mahindi ambayo hakuna aliyejua yana nini. Hapa ndipo huwa nanyamaza kidogo ninaposimulia, kwa sababu watu wanahitaji muda.

Uchambuzi

*Hofu ilikuwa ya kweli, chombo hakikuwa chenyewe.* Nilipoisikia habari ile mara ya kwanza nilisema, kama wengi Tanzania walivyosema, kwamba Kenya inawalinda wakulima wake wa Bonde la Ufa wapate bei, sumukuvu ni kisingizio. Sitasema tena hivyo. Sumu ipo, na imetuua sisi pia. Tatizo la zuio ni kwamba lilitumia utaifa wa mahindi kama kipimo cha usalama wake. Fangasi haulizi pasipoti. Watu wa 2004 waliuawa na mahindi ya Kenya yenyewe, mengi yakiwa ya mashamba yao. Ukifunga mpaka kwa mahindi ya Tanzania, bado hujampima hata mmoja wa wakulima wa kwako, na mlaji anabaki na hatari ile ile iliyotoka upande wa pili wa kijiji chake.

Zaidi ya hapo, zuio lilitengeneza sumu. Lori lililosimama siku 13 kwenye joto la Namanga, likanyeshewa, likafunikwa turubai, ni mahali pazuri kwa fangasi kuliko ghala lolote la Kibaigwa. Mahindi yaliyofika makavu yalilowa yakisubiri kuthibitishwa kuwa salama.

*Raia yupi?* Tunaposema nchi itangulize watu wake, tunazungumza kana kwamba watu wake ni mtu mmoja. Mlaji wa unga ni Mkenya. Mzee wa kinu ni Mkenya. Mkulima wa Trans Nzoia anayetaka bei ipande ni Mkenya, na kibarua wa Nairobi anayetaka ishuke ni Mkenya. Kijana wa bodaboda aliyepata kazi ya usiku ni Mkenya. Barua moja ilimtanguliza mmoja na kumwacha mwingine nyuma, bila kumtaja. Nasi tulifanya hivyo hivyo 2017. Tuliposema Mtanzania ale kwanza, mkulima wa Rukwa na Ruvuma aliyekuwa na mahindi hadi mlangoni aliachwa ayauze kwa bei ya kutupa, na yeye ni Mtanzania kama yule anayekula mjini. Mwaka ule sikuandika chochote. Nilikaa kimya kwa sababu zuio lilikuwa la kwetu, na hilo linanisumbua hadi leo.

*Wiki ile ile.* Kuna jambo ambalo watu wengi hawaliunganishi. Usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 3 Machi 2021, siku mbili kabla ya barua ya mahindi, ndege ilitua Nairobi na dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo ya korona, zilizotengenezwa India na kuletwa kupitia mpango wa kimataifa wa COVAX. Kenya ilipokea kwa shangwe, na ilistahili. Kabla mwezi haujaisha, India, ambako maambukizi yalikuwa yakipanda kwa kasi, ilibana usafirishaji wa chanjo nje ili watu wake wapate kwanza. Wahudumu wa afya Afrika nzima waliokuwa wamechomwa dozi ya kwanza wakabaki wanahesabu wiki wakisubiri ya pili.

Waziri wa India angeweza kutoa maelezo yale yale ya aliyesaini barua ya mahindi, na yangekuwa ya kweli: watu wangu wanakufa. Mwezi mmoja, Kenya ilikuwa mwenye mlango na ikawa mwenye kugonga mlango. Ukiulizwa kama nchi itangulize raia wake, jibu lako linategemea sana umesimama upande gani wa mlango asubuhi ile. Siamini kwamba India ingepaswa kuacha Wahindi wafe ili itimize ahadi. Ninachokiona ni kwamba dunia iliegemeza chanjo ya bara zima kwenye kiwanda cha nchi moja, halafu ikashangaa nchi hiyo ilipojishika yenyewe. Nchi itajishika yenyewe siku ya msiba. Hilo tulijue mapema, na ushirikiano tuujenge siku za amani, kabla ya hofu, kwa vitu vinavyoshikika: maabara, maghala, akiba, kiwango kimoja cha kupima.

*Ushirikiano uliokuwepo kwenye karatasi.* Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa, na si la Kenya peke yake. Kiwango cha 10 kilikuwa cha Jumuiya nzima tangu kabla ya zuio. Kituo cha pamoja cha forodha kilikuwepo, na majengo yake ni mazuri. Lakini Mama J alisubiri siku sita kupata majibu, wakati vipo vipimo vya haraka vinavyotoa jibu kwa dakika chache kwa ajili ya mchujo wa awali. Tuliunganisha milango tukasahau kuunganisha maabara. Afisa asiye na kipimo ana njia mbili tu, kuruhusu vyote au kuzuia vyote, na afisa mwenye kumbukumbu ya 2004 atazuia vyote. Ningekuwa mimi ningezuia.

Ndiyo maana jibu langu siku hizi kwa wanaouliza ni hili: Kenya ilikuwa na haki ya kumtanguliza mlaji wake, na namna pekee ya kumtanguliza kweli ilikuwa kushirikiana na Kibaigwa. Mlaji wa Kajiado analindwa pale mahindi yanapoanikwa juu ya turubai badala ya udongo, ghalani kwa mkulima wa Kongwa, na hakuna polisi wa Kenya anayefika huko. Anafika bwana shamba wa Tanzania, akiwa na mafunzo, kipima unyevu na mafuta ya pikipiki. Fedha ambayo Kenya ingeichangia huko ingemlinda Mkenya kuliko kizuizi cha Namanga.

*Upande wetu.* Nisiwe mwepesi wa kunyoosha kidole kwa jirani tu. Soko letu lilikuwa linauza mahindi yasiyopimwa kwa Watanzania na Wakenya sawia, na bado magunia mengi yanapakiwa kwa kung'ata punje kwa meno. Tulikasirika mteja alipokataa mali, hatukujiuliza kwa nini sisi wenyewe tulikuwa tunaila. Kama magunia ya Mama J yangepimwa Kibaigwa kabla ya kupakiwa, angefika Namanga na karatasi mkononi, na angalau tarehe 10 angekuwa wa kwanza kupita.

*Kilichofaa.* Kuna mambo yaliyokwenda vizuri. Zuio la jumla lilidumu siku tano tu kabla ya kugeuzwa kuwa masharti, na masharti yale, kwa maandishi, ndiyo yangepaswa kutoka tarehe 5. Kosa lilikuwa mpangilio: kufunga kwanza, kufikiria baadaye. Mapema Mei Rais Samia alikwenda Nairobi, na Rais Kenyatta akaagiza mahindi yaliyokwama mpakani yashughulikiwe. Nafurahi kwamba wakubwa walizungumza. Ila mwezi wa tano Mama J hakuwa na mahindi tena mpakani. Biashara inayongoja marais wakutane ndipo ipite haimfai mwenye mkopo wa miezi minne.

Na chupa ya chumvi ilifaa. Ni kipimo cha unyevu tu, hakipimi sumu, lakini ndiyo iliyomwambia magunia 24 yameharibika, kabla ya maabara, bila umeme.

Walivyofanya baadaye

Kikundi cha Mama J sasa hakipakii lori mpaka sampuli ipimwe, na gharama wanachangishana kwa idadi ya magunia. Mwenzake wa yale magunia 60 yumo, na analipa sehemu yake. Mama J alimwonyesha ule uzi wa buluu. Walikaa siku mbili hawasemeshani, kisha yule mwenzake akaja nyumbani kwake na chupa ya soda iliyooshwa, akaomba afundishwe. Mzee wa kinu amejisajili kama mwagizaji, na amenunua bambo lake mwenyewe. Lori likifika huchoma magunia kadhaa mbele ya Mama J, naye haudhiki.

Mara ya mwisho nilipokuwa nao sokoni, vijana walikuwa wameshapanda juu ya lori wanangoja. Mama J alitikisa chupa, akaiinua kwenye jua, akaigeuza polepole. Mwenzake akasogea kuangalia naye. Chumvi ilikuwa imeshuka yote chini. "Haya," akawaambia vijana, "sampuli ikapimwe. Majibu yakirudi tunapakia."